Mwenye Nguvu Mpishe?

Waswahili husema, "Mwenye nguvu mpishe." Ni methali fupi, na wengi wetu tuliifahamu kabla hatujajua kusoma. Ndani yake mna busara ya mtu aliyekwisha kuona mengi: usishindane na usichokiweza, okoa roho yako kwanza, heshima utaitafuta baadaye. Sina ugomvi na busara hiyo. Mtu aliyekutana na nyati porini hamwulizi nani kafika kwanza.

Lakini nakuomba, ndugu msomaji, tuitazame methali hii mahali inapotumika zaidi siku hizi, nako ni barabarani. Mzazi anapomfundisha mtoto kuendesha baiskeli, somo la kwanza huwa ni kujiweka sawa, la pili ni breki, na la tatu, ambalo hurudiwa kila siku mpaka mtoto aote ndevu, ni hili: ukisikia gari, toka. Toka kwenye lami, shuka, simama kwenye majani, subiri lipite. Ni fundisho la lazima, na mzazi asiyelitoa hamtakii mema mwanawe. Ila nyuma ya fundisho hilo limejificha fundisho jingine, na hilo la nyuma ndilo linalonisumbua. Mtoto anajifunza kwamba duniani mkubwa hana wajibu kwa mdogo. Mdogo ndiye mwenye wajibu wa kujiondoa. Je, hilo ndilo tunalotaka awe nalo moyoni siku atakapokuwa yeye mkubwa?

Ndilo swali langu katika kurasa hizi chache. Nitalijadili kwa kutumia jambo dogo, yaani mzazi au babu kuendesha baiskeli pamoja na watoto katika njia isiyopita magari. Mtu anaweza kudhani hilo ni suala la burudani tu. Mimi naona ni suala la malezi, na tena ni suala la haki.

Huku Usukumani baiskeli si kitu cha mchezo. Ni mnyama wa kazi, ndugu yake punda. Imebeba magunia ya pamba, madumu ya maji, mkaa, kuku waliofungwa miguu, wagonjwa na maharusi. Kabla ya bodaboda kuenea, abiria wa Bariadi na Shinyanga walipanda baiskeli za kukodi, na watu wakaziita daladala kama vile ni mabasi. Familia nzima ilikwenda mnadani kwa baiskeli moja: baba kwenye pedali, mtoto mdogo mbele juu ya bomba la fremu, amekalishwa juu ya kanga iliyokunjwa ili asiumie, mama nyuma kwenye keria, na mchanga mgongoni mwa mama. Nyuma yao alifuata kijana wa miaka tisa au kumi na baiskeli kubwa ya mjomba, hajafika kwenye kiti, amepenyeza mguu mmoja katikati ya fremu, anasukuma pedali huku mwili umepinda kama upinde. Hivyo ndivyo tulivyokwenda kanisani, gulioni na msibani. Aliyekuwa na haraka alitutangulia, naye alitusalimu kwanza.

Barabara za wakati huo zilikuwa za vumbi na mashimo. Lori la pamba lilipita likiyumba kama mlevi, na dereva wake alikuwa na nafasi ya kutosha kukuona, kukutambua na hata kukuuliza hali ya nyumbani. Shimo lilikuwa askari asiyelala na asiyepokea chochote. Kisha mambo yakabadilika. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, Bariadi ikawa makao makuu, na lami ikaja: kutoka Lamadi hadi Bariadi, zaidi ya kilomita 70, na upande wa pili kupitia Maswa hadi Mwigumbi kwenye barabara kuu ya Shinyanga na Mwanza.

Nani atailaani lami? Mama mwenye uchungu wa kujifungua anafika hospitali kabla giza halijaingia. Pamba inafika kwenye kiwanda cha kuchambua kabla ya mvua. Mwaka 2018 wakulima wa Taifa zima walipokuja kwenye sherehe za Nanenane katika viwanja vya Nyakabindi, walikuja kwa lami hiyo. Sisemi haya kwa kutamani yaliyopita. Aliyekula vumbi miaka arobaini hawezi kulisifu. Nasema tu kwamba lami ilipokuja ilimletea dereva mwendo, na mwendo huo haukuja na wajibu wowote ulioandikwa pembeni yake. Mtoto mwenye baiskeli, ambaye jana alikuwa msafiri kama wasafiri wengine, leo amekuwa mgeni asiyetakiwa katika njia inayopita mbele ya nyumba yao.

Hesabu yake ni rahisi. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kwa sekunde moja. Kabla dereva hajashtuka na kukanyaga breki, mita hizo zimekwisha. Tena, mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga huongezeka mara nne. Mtoto kwa upande wake bado hana macho ya kukadiria kasi ya kitu kinachomjia. Analiona gari, lakini hajui litamfikia baada ya muda gani. Sheria zetu zinataka magari yasizidi kilomita 50 kwa saa penye makazi ya watu, na hata hiyo 50 ni nyingi kwa mwili wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Vifo tisa katika kila kumi hutokea katika nchi kama zetu, ambako wengi wa wanaokufa hawakuwa hata ndani ya gari.

Takwimu hizi zinatisha, lakini ipo hasara nyingine isiyoandikwa katika takwimu yoyote. Nimeijua kwa kulinganisha safari mbili.

Ninapokwenda na wajukuu zangu kwa njia ya lami, mimi ni mlinzi. Nakaa nyuma yao, shingo yangu inageuka kila nukta, na mdomo wangu unajua maneno manne tu: toka, shuka, simama, haya. Tukifika tuendako, watoto wamefika salama, lakini hatujazungumza. Ukiniuliza waliona nini njiani, sijui. Wakiulizwa wao babu alisema nini, watasema alikuwa anafoka.

Wakati wa kiangazi, pamba ikishavunwa, huwa tunashika njia ya ng'ombe. Ni njia pana iliyokanyagwa na kwato miaka mingi mpaka ikawa ngumu kama sakafu. Inapita kwenye luseni, ule udongo wetu wa kichanga, inakwepa mbuga nyeusi, inashuka taratibu hadi kwenye bonde la mto mkavu. Masika haipitiki, tope la mbuga hujaa kwenye madigadi hadi gurudumu linagoma kuzunguka, na baiskeli inageuka kuwa mzigo wa kubeba begani. Lakini kuanzia Juni hadi Oktoba ni barabara ya watoto. Hakuna gari linalopita hapo, na pikipiki ni chache.

Siku moja yule wa miaka saba alisimamisha baiskeli yake akanitazama. "Babu," akasema, "leo hujapiga kelele."

Nikamwambia leo hakuna wa kumpisha.

Akafikiri kidogo. "Na ng'ombe je?"

Na kweli, mbele yetu kundi lilikuwa linapanda kutoka kunywa maji, labda ng'ombe themanini, na kijana mmoja nyuma yao mwenye fimbo begani. Tukashuka. Lakini yule kijana naye akapiga mluzi, akakimbia upande, akawabana ng'ombe wake kushoto ili tupate nafasi kulia. Akatuamkia kwa Kisukuma, "Mwadila," nasi tukaitika. Tukapita sisi taratibu, wakapita wao taratibu. Mwenye nguvu pale hakuwa na shaka ya kutafutwa: pembe themanini mara mbili dhidi ya baiskeli tatu. Hata hivyo kila upande ulipisha, na kilichotangulia kilikuwa ni salamu.

Baada ya hapo mazungumzo hayakukoma. Mkubwa alitaka kujua kwa nini ng'ombe hunywa mara moja tu kwa siku wakati wa kiangazi. Mdogo alitaka kujua kama mto unakumbuka maji yake. Mkubwa alipotangulia sana, alisimama chini ya mti akamngoja mdogo wake bila kuambiwa na mtu. Kwenye lami hamngoji. Anayeongoza huko hana muda wa kutazama nyuma.

Hapo ndipo nilipoelewa kinachopotea. Hofu humgeuza mzazi kuwa askari, na askari hawezi kuwa rafiki wa anayemlinda kwa wakati uleule. Njia isiyo na magari humpunguzia mtoto hatari, na zaidi ya hayo humrudishia mzazi wake. Humrudishia pia mtoto mkubwa nafasi ya kuwa mwema kwa mdogo, kwa sababu wema unahitaji nafasi ya kusimama.

Wenzetu wa nchi za mbali wamekutana na swali hilihili, na mojawapo ya majibu wamelipata mahali ambapo hapakutarajiwa, yaani kwenye reli zilizoachwa. Huko Uingereza, kati ya miji ya Bristol na Bath, kulikuwa na njia ya treni iliyofungwa. Kati ya mwaka 1979 na 1986 wananchi, wengi wao wakijitolea, waliligeuza tuta lake kuwa njia ya baiskeli na waenda kwa miguu yenye urefu wa kilomita zipatazo 21. Marekani walikuwa wameanza tangu miaka ya 1960 katika jimbo la Wisconsin, na Hispania ikaanzisha mpango wake wa kitaifa mwaka 1993, wakaziita njia za kijani.

Sababu ya tuta la reli kumfaa mtoto inapendeza kuifikiria. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza upesi, kwa hiyo treni haiwezi kupanda mlima mkali. Mhandisi wa reli hulazimika kukata kilima, kujaza bonde na kuzungusha njia, ili mwinuko usizidi mita moja au mbili katika kila mita mia. Kazi hiyo yote ilifanywa kwa ajili ya udhaifu wa chombo kizito. Treni ilipoondoka, ikabaki njia ambayo hata mguu wa mtoto wa miaka sita unaweza kuimaliza. Kilichotengenezwa kwa kuhurumia mashine kikaja kuwahurumia watoto.

Kwetu Tanzania nasi tunazo reli zilizokufa. Ile ya kusini, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ilikwenda bara hadi Nachingwea na baadaye ikaunganishwa na bandari ya Mtwara. Mradi wa karanga ulianguka mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli yenyewe ilifungwa, vyuma vikang'olewa. Huko Unguja, reli ya Bububu iliyoanza mwaka 1905 ilitoweka kabla ya miaka ya 1930. Hakuna aliyekaa chini akasema: tuta hili sasa liwe la watoto. Simlaumu mtu, nchi ilikuwa na mambo mengine ya kufanya. Nataja tu kuonyesha kwamba reli kufa hakutoshi kuzaa njia ya familia. Lazima watu waamue.

Katika mkoa wetu wa Simiyu reli ni moja, inayopita Malampaka wilayani Maswa, kwenye njia ya Tabora na Mwanza iliyokamilika mwaka 1928. Hiyo haijafa. Na tangu mwaka 2021 ujenzi wa reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, yenye urefu wa kilomita 341, umekuwa ukiendelea katika ukanda huohuo. Kwa hiyo nisije nikaeleweka vibaya: asiwepo mtu wa kuwapeleka watoto kuendesha baiskeli pembeni mwa reli ya Malampaka kwa kuwa amesoma hapa habari za Uingereza. Treni nayo ni mwenye nguvu, tena asiyeweza kukupisha hata akitaka.

Sasa nizikabili hoja za wanaonipinga, maana zipo, na baadhi zina uzito.

Ya kwanza niliisikia kwa mzee mwenzangu tuliyekuwa tukicheza naye bao. Alisema mtoto anayelelewa mahali pasipo hatari hataijua hatari atakapoikuta. Mpeleke barabarani, akasema, azoee, sisi tulizoea. Nami namjibu kwamba anayemfundisha mtoto kuogelea hamtupi katikati ya Ziwa Viktoria. Humwanzishia pale maji yanapoishia kiunoni, si kwa sababu anataka aishie hapo maisha yake yote, bali ili mikono na miguu ijifunze kabla ya kuhitajika. Mtoto aliyekwisha kujua kushika breki, kwenda mstari mmoja na kutazama nyuma bila kuyumba, huyo atakwenda lami akiwa na akili yake yote kwa ajili ya magari. Asiyejua hayo atagawanya akili ndogo aliyonayo sehemu mbili. Zaidi ya hayo, kuzoea gari hakumzuii gari. Waliozoea nao wanagongwa.

Ya pili ni kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri. Sisi tunahitaji madawati, zahanati na visima. Njia za watoto kucheza baiskeli zitasubiri. Hoja hii ingekuwa kweli kama baiskeli huku ingekuwa kitu cha tajiri. Lakini angalia ni nani anayeendesha baiskeli Simiyu. Ni mtoto anayekwenda shule kilomita nane. Ni mama anayepeleka mtama kusaga. Mwenye gari tumekwisha kumtengenezea njia kwa fedha ya wote, pamoja na kodi ya huyo mama aliyoilipa kwenye sabuni na mafuta ya taa. Kumwambia yeye asubiri si kubana matumizi. Ni kuamua nani ahudumiwe kwanza. Isitoshe, njia ya ng'ombe haihitaji lami wala daraja la chuma. Inahitaji isilimwe tu.

Ya tatu ndiyo nzito, na niliilalia usiku kadhaa. Inasema hivi: ukiwatengea watoto njia yao, je, hujakubali kwamba barabara ni mali ya magari? Kesho dereva aliyemgonga mtoto kwenye lami atasema, "Alifuata nini hapa na njia yake ipo?" Kumtenga mnyonge kwa kumhurumia mara nyingi kumekuwa mwanzo wa kumnyima haki. Tukiwaficha watoto huko bondeni, tumemshinda mwenye nguvu, au tumempisha kwa adabu zaidi?

Jibu sikulipata Uingereza. Nililipata katika jambo ambalo kila Msukuma anayefuga analijua, nalo ni ngitili.

Kwa asiye wa huku nieleze. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua, majani yakiwa tele kila mahali, ili lifunguliwe katikati ya kiangazi, majani yamekwisha. Tangu asili halikutengwa kwa ajili ya kundi zima. Lilitengwa hasa kwa ajili ya ndama, ng'ombe wagonjwa, wazee, na maksai wa kulima, yaani wale wasioweza kufuata kundi kwenda mbali. Fahali mwenye nguvu aliachwa aende mbali kujitafutia. Mnyonge alitunziwa karibu na nyumbani.

Desturi hiyo ilikaribia kufa. Mapori yalifyekwa, mengine kwa amri ya serikali ya kikoloni ili kuua mbung'o, mengine kwa ajili ya mashamba ya pamba. Mifugo ikaongezeka na ardhi ikawa kipara. Mwaka 1986 Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, na wakati huo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Mradi ule ulifanikiwa kwa sababu haukuja na kitu kigeni. Uliwauliza wazee, nao wakasema ngitili. Hadi unamalizika mwaka 2004, inakadiriwa kwamba zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi kuwa na miti na majani.

Sasa tazama mambo mawili katika ngitili. La kwanza, haikulindwa na ndama. Hakuna aliyemwambia ndama, "Ukimwona fahali, toka." Aliyewekewa sharti ni mwenye kundi, na aliyeingiza ng'ombe wake kabla ya wakati aliitwa mbele ya dagashida, baraza la wanakijiji, akatozwa faini. Mzigo wa kulinda uliwekwa juu ya aliyekuwa na uwezo wa kudhuru. La pili, kuwepo kwa ngitili hakukuruhusu fujo nje ya ngitili. Hakuna mzee aliyesema kwamba kwa kuwa ndama ana mahali pake, basi anayemkuta njiani ana ruhusa ya kumkanyaga. Eneo lile lilitengwa, na papo hapo likawa linafundisha kijiji kizima, kila mwaka, kwamba nguvu ina mipaka.

Basi hilo ndilo jibu langu kwa hoja ya tatu. Njia ya watoto itakuwa dhuluma kama itatumika kumpa dereva uhuru zaidi mahali pengine. Itakuwa haki kama itakwenda pamoja na sharti juu ya dereva. Waholanzi wanasifiwa leo kwa baiskeli zao, lakini mwaka 1971 peke yake watoto zaidi ya 400 walikufa katika barabara zao. Wazazi waliingia mitaani wakidai mauaji ya watoto yakome. Walichopata ni vyote viwili: njia za baiskeli zilizotengwa, na tangu mwaka 1976 mitaa ya makazi ambamo kwa mujibu wa sheria gari ndilo mgeni, linakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Hawakuchagua kimoja wakaacha kingine. Kwetu hapa, katika shule kadhaa za Dar es Salaam, njia za waenda kwa miguu, matuta na vizuizi vidogo vimewekwa ili mtoto avuke na dereva apunguze, na nchi haikufilisika.

Huku Simiyu kazi inaweza kuanza kwa jambo dogo zaidi. Njia za ng'ombe zinabanwa. Kila msimu plau inasogea hatua moja, kila mwaka kiwanja kipya kinapimwa katikati ya njia, na mpita njia anaambiwa azunguke. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yake, na kijiji kinaweza kuziandika njia hizo katika mpango wake wa matumizi ya ardhi. Zikiandikwa zitawafaa ng'ombe kwanza, na katika miezi ya kiangazi zitawafaa wanafunzi wenye baiskeli, wazazi na watoto wao. Mahali zinapokutana na lami, pawekwe tuta, na tuta hilo liheshimiwe.

Narudi kwenye methali. "Mwenye nguvu mpishe" ni ushauri mzuri kwa mnyonge aliye peke yake, asiye na baraza wala sheria wala jirani. Ni ushauri wa porini. Watu walipokubaliana kuishi kijijini, waliweka juu yake kanuni nyingine ambayo haikupata methali, bali ilipata ngitili, dagashida, na mluzi wa kijana anayewabana ng'ombe themanini upande mmoja ili watoto watatu wapite. Kanuni hiyo inamwambia mwenye nguvu apishe yeye, kwa kuwa ndiye anayeweza.

Mtoto hawezi kuisoma kanuni hiyo katika kitabu. Ataijua kwa kupishwa. Yule aliyepishwa akiwa na miaka saba, siku moja atashika usukani wa lori, na mbele yake katika barabara ya Lamadi atamwona mtoto amepenyeza mguu katikati ya fremu ya baiskeli kubwa. Wakati huo mimi na wewe hatutakuwepo kumwambia la kufanya. Atafanya lile aliloliona likifanywa.